Makubadhi ya Mombasa kwa wanunuzi wa Kihispania: nianzie wapi?

Fundi wa Makubadhi, Mji wa Kale, anauliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa jamaa wote. Nina karakana ndogo ya makubadhi ya ngozi katika Mji wa Kale hapa Mombasa, ambako tunafanya kazi mimi, mdogo wangu na mafundi wawili wa kushona. Wateja wetu tangu zamani ni wenyeji wanaotafuta viatu vya Idi na vya harusi, maduka machache ya Nyali na Diani, na watalii wanaopita wakitoka Fort Jesus. Siku hizi wageni wanaozungumza Kihispania ndio wanaonunua bila kuvutana sana juu ya bei, na wengi wao huendelea kuniandikia wakisharudi kwao, wakitaka jozi nyingine za ndugu na marafiki. Sasa mama mmoja mwenye duka la viatu na mikoba mjini Valencia ameniuliza kama ninaweza kumpelekea jozi mia moja kabla ya majira ya joto ya huko, na ameomba bei, saizi na muda wa kufikisha mzigo.

Vijana wa mtaani wananishauri nisijifunge na duka moja. Wanasema nifungue duka la mtandaoni kwa Kihispania, kwa kuwa lugha hiyo ni rasmi katika nchi 20, kuanzia Meksiko hadi Ajentina, na hata Guinea ya Ikweta hapa kwetu Afrika, na kwamba nikitafsiri maelezo ya bidhaa mara moja nitakuwa nimewafikia wote. Hoja hiyo inanivutia, lakini naona kuna mambo ambayo hawayataji: forodha, kodi za huko, kiatu kisichomtosha mtu kitarudi vipi, na fedha nitazipokea kwa njia gani.

Ili mnielewe vizuri, makubadhi yangu mengi yana soli ya ngozi, ukanda mpana unaopita juu ya mguu na gidamu inayoshika kidole gumba. Mengine yamepambwa kwa shanga, machache kwa kauri, na aina moja ya kike ina bizimu ya chuma nyuma ya kisigino. Ngozi ninainunua kwa wafanyabiashara wa hapa nchini. Nimesajili jina la biashara na nina PIN ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, lakini sijawahi kutuma mzigo wa kibiashara nje ya Afrika Mashariki. Naomba mwenye ujuzi anielekeze kabla sijamjibu mama huyu.

Wakala wa Forodha, Kilindini, anajibu:

Alaykum salaam, ndugu yangu fundi. Nitangulize rai yangu, kisha nieleze sababu zake: mjibu mama wa Valencia, na wazo la nchi 20 liache kando mpaka mzigo wake ufike salama na ulipiwe. Watu wanaozungumza lugha moja hawapiti forodha moja. Meksiko ina taratibu zake, Kolombia ina zake na Chile ina zake, na kila moja itakudai ujifunze upya. Uhispania imo ndani ya Umoja wa Ulaya, na Kenya ina mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja huo ambao ulitiwa saini Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Chini ya mkataba huo bidhaa zenye asili ya Kenya, isipokuwa silaha, huingia huko bila ushuru wa forodha na bila kikomo cha kiasi.

Msamaha huo hauji wenyewe. Lazima mzigo uambatane na uthibitisho wa asili ya bidhaa, ambao kwa kawaida ni hati ya EUR.1 inayotolewa na KRA. Afisa atataka kujua ngozi, soli, uzi na mapambo vilitoka wapi na ni kazi gani iliyofanyika karakanani kwako, kwa hiyo anza leo kuhifadhi risiti za ngozi, na uandike kwa ufupi hatua zote tangu kukata hadi kushona. Mzigo ukifika bila uthibitisho huo, mnunuzi wako atatozwa ushuru kama vile makubadhi yametoka nchi isiyo na mkataba, na hatakusamehe kwa urahisi.

Jambo la pili ni msimbo wa forodha. Katika orodha ya misimbo inayotumika duniani kote, makubadhi yako yana kifungu chao hasa, nacho ni 6403.20: viatu vyenye soli ya nje ya ngozi, ambavyo sehemu ya juu ni kanda za ngozi zinazopita juu ya mguu na kuzunguka kidole gumba. Ukiviwekea soli ya mpira, au ya tairi kama akala, kifungu hicho hakitumiki tena na ankara itabidi ibadilike nayo. Usikubali mtu akuandikie tu «viatu» kwenye ankara ili kuharakisha mambo.

Sasa nije kwenye usalama wa bidhaa, maana hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wengi hukwama. Tangu tarehe 13 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unatumia kanuni ya jumla ya usalama wa bidhaa, nambari 2023/988, inayotaka kila bidhaa inayouzwa kwa walaji wa huko iwe na mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja huo inayowajibika kwayo. Ukiuza kwa duka linaloingiza mzigo kwa jina lake, duka hilo ndilo linalobeba jukumu hilo kama mwagizaji. Ukiuza wewe mwenyewe kwa mtu mmoja mmoja, itakubidi umtafute wa kukuwakilisha huko na umlipe. Sababu hii peke yake inanitosha kusema uanze na duka. Jina lako, anwani yako ya posta na barua pepe, jina la mwagizaji na anwani yake, pamoja na nambari ya kutambulisha aina ya kiatu, vyote vionekane kwenye kiatu au kwenye boksi lake.

Ngozi yenyewe nayo ina sharti. Tangu tarehe 1 Mei 2015 ngozi inayogusa mwili hairuhusiwi kuuzwa huko ikiwa na miligramu 3 au zaidi za kromiamu ya aina ya sita kwa kila kilo. Ngozi nyingi hulainishwa kwa chumvi za kromiamu ambazo zenyewe hazikatazwi. Tatizo hutokea pale kazi ilipofanywa vibaya, au ngozi ilipokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto kali, chumvi hizo zikageuka kuwa za aina hiyo mbaya, na nyote mnajua ghala la mabati linakuwaje hapa Mombasa mwezi wa Februari. Mwombe muuzaji wako karatasi ya vipimo kutoka kiwanda cha ngozi. Asipokuwa nayo, tafuta ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miwati, ambayo haitumii kromiamu kabisa. Bizimu ya chuma nayo ina kikomo chake cha nikeli kwa kuwa inagusa ngozi ya mtu muda wote, kwa hiyo katika mzigo wa kwanza ningeiondoa aina hiyo. Kauri pia ningeziacha na kutumia shanga za kioo, mpaka uwe umewauliza watu wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kama mapambo ya baharini unayotumia yanahitaji kibali cha kusafirishwa nje.

Kila jozi, angalau katika kiatu kimoja, iwe na lebo inayoonyesha sehemu ya juu, bitana na soli vimetengenezwa kwa nini. Zipo alama za picha zinazokubalika: ngozi huonyeshwa kwa umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa, kitambaa kwa umbo la wavu, na vitu vingine kwa umbo la almasi. Alama hizo hukuepusha na kazi ya kutafsiri sehemu hiyo ya lebo.

Kuhusu kodi, Uhispania inatoza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wao huiita IVA, ya asilimia 21 juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri. Mzigo wa yuro 1,000 uliosafirishwa kwa yuro 200 utatozwa yuro 252. Tena muulize mama huyo kama anafanya biashara kwa jina lake binafsi au kwa kampuni, kwa sababu wauza rejareja wa huko walio watu binafsi huwa chini ya utaratibu maalumu unaowaongezea asilimia 5.2 juu ya ile 21, na hawarudishiwi chochote kati ya hizo mbili. Mzigo uleule utamgharimu kodi ya yuro 314.40, na hiyo ni gharama ambayo lazima ataiingiza katika bei ya dukani. Mwenye kampuni hudai IVA yake katika hesabu za kawaida. Utaona basi kwamba wanunuzi wawili wa mji mmoja wanaweza kupewa bei moja na wewe, na bado mmoja akaona unauza ghali.

Mwisho, mwombe nambari yake ya EORI, ambayo kila mfanyabiashara anayeingiza bidhaa katika Umoja wa Ulaya anatakiwa kuwa nayo, na uiandike kwenye ankara. Akikujibu bila kusita, umeshajua kwamba unazungumza na mtu aliyewahi kuagiza mzigo au aliye tayari kuagiza.

Mwongozaji wa Watalii, Mombasa, anaongeza:

Kaka fundi, kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaozungumza Kihispania hapa mjini, na baadhi yao nimewaleta mpaka karibu na karakana yako. Wakala amemaliza habari za forodha, nami nitasema juu ya mnunuzi mwenyewe.

Anza na saizi, kwa sababu kiatu kisichotosha ndicho kitakachokula faida yako. Uhispania inatumia namba za bara la Ulaya kama 37 na 42, ilhali Meksiko inatumia sentimita za urefu wa mguu, kama 24 au 24 na nusu. Usimpe mtu namba peke yake. Tengeneza jedwali lenye sentimita. Mteja asimame juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, aweke alama mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote, kisha apime kutoka ukutani hadi kwenye alama. Apime miguu yote miwili na achukue kipimo kikubwa. Kwa makubadhi ongeza kipimo cha pili, yaani upana wa mguu pale ukanda unapopita, maana wewe unajua kuliko mimi kwamba kubadhi likibana juu ya mguu halivaliki hata kama urefu ni sawa. Namna ya kupima ionyeshe kwa picha za mguu halisi ukiwa juu ya karatasi, na maneno yawe machache.

Halafu kuna tarakimu. Nchini Uhispania nukta hutenga maelfu na mkato hutenga senti, kwa hiyo 1.500,00 ni elfu moja na mia tano. Meksiko huandika kama tunavyoandika sisi, 1,500.00. Katika orodha ya bei utakayompelekea mama wa Valencia fuata utaratibu wa kwao, na tarehe ya kufikisha mzigo andika mwezi kwa jina lake badala ya namba.

Programu za kutafsiri za simu zinatosha kabisa kwa kusoma ujumbe wake na kumjibu. Hazitoshi kwa maelezo yatakayochapishwa kwenye lebo, kadi na ukurasa wa bidhaa, kwa sababu maneno ya ufundi wa viatu huzichanganya, na msomaji wa Kihispania huona mara moja kwamba aliyeandika hakujali. Andika maelezo yako kwa Kiswahili kwanza, yawe mafupi na ya kweli, kisha umpe mtu anayekijua Kihispania cha Uhispania ayatafsiri na mtu wa pili ayasome. Hapa mjini waongozaji wenzangu kadhaa wanaweza, nami niko radhi kuyasoma ya kwako.

Usijaribu kushindana kwa bei. Wahispania ni mafundi wa viatu tangu jadi: mji wa Elche, ulio kusini ya Valencia, unajulikana kwa viwanda vya viatu, na kisiwa cha Menorca kina ndara zake za ngozi ziitwazo avarcas ambazo kila Mhispania anazijua. Ndara ya ngozi si kitu kigeni kwao, na hilo ni jema, maana hutahitaji kumweleza mtu kwamba inavaliwa. Unachotakiwa kueleza ni kile ambacho kwao hakipo, yaani mishono yenu ya mkono, nakshi za pwani na mahali vinapotengenezwa. Fort Jesus, ambayo wateja wako wanatoka kuitazama, ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Felipe wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa akiitawala Ureno pia, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Kila ninapowaambia hivyo Wahispania wakiwa wamesimama chini ya kuta zile, husimama kusikiliza. Sentensi mbili za habari hiyo kwenye kadi ya boksi zitamsaidia muuzaji wa Valencia kumweleza mteja wake kiatu hiki kimetoka wapi.

Kuhusu msimu, mama akisema majira ya joto ana maana ya Juni hadi Septemba, lakini duka hupanga viatu hivyo rafuni mapema zaidi. Lenga mzigo uwe umefika mwezi wa Aprili. Mauzo ya Krismasi huko huendelea hadi tarehe 6 Januari, siku ambayo watoto na wakubwa hupeana zawadi, ila makubadhi hayauziki wakati wa baridi, na kwa msimu huo ungefikiria mikoba. Ajentina, Chile na Uruguay wao huwa katika joto Desemba hadi Machi, na hilo huenda likakufaa miaka ijayo utakapotaka karakana isilale nusu ya mwaka.

Ukimpigia simu, kumbuka kwamba maduka madogo mengi ya huko hufungwa mchana kwa saa mbili tatu na kufunguliwa tena jioni. Mpigie asubuhi yao, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa joto na saa mbili wakati wa baridi.

Muuzaji wa Mtandaoni, Mtwapa, anajibu:

Nawaheshimu wakubwa walionitangulia, lakini naona mnamfungia fundi nafasi. Duka la Valencia litataka bei ya jumla kisha liuze mara mbili au zaidi, na faida kubwa itabaki huko. Mtu mmoja mmoja hulipa bei kamili. Isitoshe, Marekani peke yake ina watu zaidi ya milioni 40 wanaozungumza Kihispania majumbani mwao, na wamezoea kununua mtandaoni. Kwa nini asiwauzie hao moja kwa moja, hata kama ni jozi kumi kwa mwezi, huku akilihudumia duka?

Wakala wa Forodha, Kilindini, anajibu:

Kijana wangu, hoja yako ya faida ni ya haki na siipuuzi. Ila tazama hali ilivyo sasa. Marekani ilisimamisha tarehe 29 Agosti 2025 msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru, kwa hiyo kifurushi cha jozi moja sasa hupitia hesabu za ushuru, na gharama ya kukishughulikia inaweza kukaribia bei ya kiatu chenyewe. Umoja wa Ulaya nao uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi kwa vifurushi vidogo. Aliyenunua mtandaoni huko ana haki ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 14 bila kutoa sababu, na nchini Uhispania dhamana ya kisheria ya bidhaa mpya ni miaka 3 tangu Januari 2022. Mwenye duka yuko karibu na wateja hao na anaweza kuyabeba hayo. Sehemu ya ile faida unayoiona kubwa ndiyo malipo ya kuyabeba.

Kuna nafasi moja ambayo ningemwachia fundi. Bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mteja mwenyewe haiingii katika haki hiyo ya siku 14. Mgeni aliyepimwa mguu akiwa karakanani, kisha akaagiza jozi nyingine akiwa kwao, ni mteja wa namna hiyo. Wale wanaokuandikia WhatsApp wahudumie hivyo, mmoja mmoja na kwa bei kamili, na sharti la mtu wa kuwajibika ndani ya Umoja wa Ulaya ulitatue kwanza. Wa Visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Uhispania, utawatambua kwa namba ya posta inayoanza na 35 au 38. Huko IVA haitumiki, wana kodi yao ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 7, na karatasi zake ni tofauti, kwa hiyo usimpe mtu wa Tenerife hesabu uliyompa mtu wa Madrid.

Fundi wa Makubadhi, Mji wa Kale, anauliza tena:

Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nimekubali nianze na duka. Lililobaki kunisumbua ni bei na fedha. Nikimpa bei ya karakana ataniuliza usafiri, na nikiweka usafiri sijui niishie wapi. Naye ameuliza IBAN yangu, yaani nambari ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, kitu ambacho benki yangu haijanipa.

Msafirishaji wa Vikapu, Kongowea, anajibu:

Mwanangu, hujambo. Mimi nasafirisha vikapu na mikoba ya ukili kwa maduka ya Ulaya, na hayo mawili ndiyo niliyoyashika zaidi.

IBAN hutaipata kwa sababu benki za Kenya hazitumii mfumo huo. Mwandikie hivyo kwa adabu, kisha umpe jina kamili la akaunti kama lilivyo benki, nambari ya akaunti, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT wa benki yako. Mwambie achague fomu ya malipo ya kimataifa, kwa maana fomu ya malipo ya ndani ya Ulaya ndiyo inayomdai IBAN na kumgomea. Fungua akaunti ya yuro ili fedha zisibadilishwe kuwa shilingi siku ambayo kiwango ni kibaya. Mkubaliane kwa maandishi ni nani anayelipia makato ya benki za katikati, ambayo hupunguza fedha njiani. Mwambie pia kwamba akipokea barua pepe yoyote inayodai umebadilisha akaunti, asilipe mpaka amekupigia simu na kuisikia sauti yako. Walaghai huzivizia ankara za namna hii.

Nusu ya fedha ije kabla hujakata ngozi, na nusu nyingine kabla mzigo haujaondoka. Mteja wa kwanza asikuone mkali kwa hilo, wewe ni karakana ya watu wanne na ngozi ya jozi mia moja si mchezo. Mpe naye kitu cha kumtuliza moyo: picha za kazi inavyoendelea, na tarehe ambayo utaweza kuitimiza hata umeme ukikatika.

Katika bei, hesabu kwanza ngozi, uzi, shanga, lebo, boksi, mshahara wa mafundi na wako mwenyewe, kodi ya karakana, hati na wakala, kisha faida. Usiuache mshahara wako mwenyewe, kama wengi wetu tunavyofanya tukidhani faida itatulipa. Ukishapata bei ya karakana, mpe bei mbili katika karatasi moja: ya mzigo ukiwa Mombasa, na ya mzigo ukifikishwa mlangoni kwake kabla ya kodi za huko, ambayo katika biashara huandikwa DAP pamoja na jina la mji. Usikubali ile ya DDP, ambayo ingekubebesha wewe kodi za Uhispania. Halafu kokotoa mwenyewe atauza kwa kiasi gani. Ukizidisha gharama yake yote mara mbili na nusu ukapata bei ambayo hakuna mtu angelipa kwa ndara, basi jozi mia moja hizo zitakaa rafuni na hutaagizwa tena.

Usafiri wa ndege hauangalii kilo peke yake. Kampuni za vifurushi hupima urefu, upana na kimo cha katoni kwa sentimita, huzidisha, hugawanya kwa 5,000, kisha hulinganisha jibu na uzito wa mizani na kutoza ule mkubwa. Katoni ya 40 kwa 30 kwa 20 huhesabiwa kilo 4.8 hata kama mizani inasema 3. Vikapu vyangu ni hewa tupu, kwa hiyo mimi huvipachika kimoja ndani ya kingine. Wewe una bahati, makubadhi hulala bapa. Yapange soli kwa soli, uweke karatasi kavu katikati, na maboksi ya dukani yapeleke yakiwa hayajakunjwa ili mama ayakunje mwenyewe. Kabla ya kufunga katoni yaache makubadhi yapigwe na upepo kivulini siku kadhaa, kwa kuwa unyevu wa pwani ukifungiwa ndani ya plastiki hugeuka ukungu njiani.

Ankara yako itoke kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na ilingane neno kwa neno na karatasi za wakala. Kama umesajiliwa kwa VAT, mauzo ya nje hutozwa asilimia sifuri, ila uhifadhi ushahidi kwamba mzigo uliondoka nchini.

Fundi wa Makubadhi, Mji wa Kale:

Ahsante sana, mama. Leo jioni nitamwandikia kumwomba EORI na kumuuliza kama ana kampuni, na kaka mwongozaji nitamletea maelezo ya bidhaa ayasome. Ngozi nayo nitaitafutia karatasi ya vipimo kabla ya kununua nyingine. Swali langu la mwisho ni kuhusu sampuli: anataka kuona aina nne kabla ya kulipa. Je, sampuli nazo zitatozwa kodi, au niandike kwamba hazina thamani?

Wakala wa Forodha, Kilindini:

Usiandike kamwe kwamba hazina thamani, ndugu yangu. Forodha hawaliamini neno hilo, na kifurushi huzuiwa mpaka mpokeaji aeleze. Andika thamani halisi ya kila kimoja na uongeze kwamba ni sampuli ya kibiashara isiyouzwa. Umoja wa Ulaya huruhusu sampuli za thamani ndogo ziingie bila kodi iwapo haziwezi kutumika kwa namna nyingine isipokuwa kuonyeshea, na forodha wanaweza kutaka zitobolewe au zitiwe alama isiyofutika. Kwa viatu njia rahisi ni kutuma kimoja kimoja. Mpelekee cha kushoto kwa kila aina, utoboe tundu dogo kwenye soli karibu na kisigino, na uandike hivyo kwenye ankara. Vya kulia vibaki karakanani kwako vikiwa na tarehe na saini yako, ili akisema mzigo haufanani na sampuli muwe na cha kulinganishia.